Kile Ambacho Mdoli Hauonyeshi

Kazi yangu kwa miaka kadhaa sasa ni kufundisha matabibu wa kikosi, wale askari wanaokwenda vitani na bunduki begani na mkoba wa dawa mgongoni, na ambao ndio wa kwanza kumfikia mwenzao akipigwa risasi. Nawafundisha kwa midoli. Midoli hii inapumua, inatoka damu, inapepesa macho, inalia, na bei ya mmoja inafika makumi ya maelfu ya dola. Ndugu zangu wa nyumbani wakisikia hivyo huniuliza kama kweli mdoli unaweza kumfundisha mtu kuokoa uhai. Nawajibu kuwa unaweza, na kwa sababu hiyo hiyo inabidi tuwe macho nao. Mwanafunzi hujifunza kila jambo ambalo mdoli unalijibu. Jambo ambalo mdoli haulijibu, hulisahau. Hayo mawili ndiyo yaliyonifundisha kazi yangu, na ndiyo ninayotaka kuyaeleza hapa.

Mimi ni mzaliwa wa Tanga. Nilikuja Marekani kwa bahati nasibu ya viza, nikaanza na kazi ambayo Watanzania na Wakenya wengi wa huku wanaifahamu: kuhudumia wazee kwenye nyumba ya wazee, huko Texas. Kumgeuza mgonjwa kitandani, kumwogesha, kupima presha, kubadilisha shuka usiku wa manane. Nilipojiunga na jeshi la nchi kavu nilikuwa na kadi ya kijani tu, uraia bado. Nikachagua tiba, nikapelekwa Fort Sam Houston pale San Antonio, ambako matabibu wa kikosi wa jeshi hilo hufundishwa. Kozi ni ya wiki zipatazo 16. Mwanzo ni darasani, kujiandaa kwa mtihani wa taifa wa huduma ya dharura. Kisha yanakuja majeraha ya vita, na mwisho mnapelekwa porini Camp Bullis kufanya yote mliyojifunza mkiwa na vumbi, jasho na usingizi.

Kuna utafiti mmoja ambao kila mkufunzi wa fani hii anaujua. Watafiti wa jeshi walipitia vifo 4,596 vya askari wa Marekani waliokufa kwa majeraha ya vita kati ya mwaka 2001 na 2011, wengi wao Iraq na Afghanistan. Asilimia 87 walikufa kabla ya kufika kwenye hospitali yoyote. Kati ya hao, karibu robo walikuwa na majeraha ambayo pengine wangepona, na katika robo hiyo, tisa katika kila kumi waliuawa na kutokwa na damu. Ndiyo maana mpangilio wetu wa kazi hauanzi na njia ya hewa kama mlivyozoea kwenye kozi za huduma ya kwanza. Tunaanza na damu inayomwagika, halafu njia ya hewa, kupumua, mzunguko wa damu, kisha kumkinga majeruhi na baridi. Mpangilio huu ulitokana na makala ya mwaka 1996 ya madaktari wa vikosi maalumu, waliosema wazi kwamba tiba ya hospitali haiwezi kuhamishiwa ilivyo mahali ambapo risasi bado zinapita.

Sasa nirudi kwa mdoli. Mdoli wa kisasa una kifua kinachopanda na kushuka. Una mapigo shingoni, kwenye kifundo cha mkono na kwenye paja. Mboni zake zinapanuka. Kichwani una spika, na mimi nasemea kwenye maikrofoni nikiwa nyuma ya kioo: nalia, naita mama, nauliza kama mguu wangu bado upo. Nikibonyeza kishikwambi, pafu moja linaacha kupanda, kwa sababu hewa imevuja ikajaa kifuani na kulibana. Mwanafunzi akichoma sindano ndefu mahali sahihi, nafasi ya tano kati ya mbavu upande wa mbele wa kwapa, hewa inatoka kwa sauti na pafu linapanda tena. Ni kitu cha ajabu kukiona mara ya kwanza. Vijana wa miaka kumi na tisa wanashangilia.

Mdoli mmoja wa zamani wa kituo chetu ulikuwa unatumia kompresa ya hewa. Kabla pafu halijazimwa, vali ndani ya kifua ilikuwa inatoa mlio mdogo, tik. Nilianza kuona wanafunzi wa wiki ya pili wanashika sindano kabla hata ya kufungua shati. Walikuwa hodari, muda wao ulikuwa mzuri, alama zao nzuri. Nikamwuliza mmoja: umeona nini kifuani? Akanitazama, akatazama mdoli, hakuwa na la kusema. Alikuwa ameisikia vali. Hakudanganya mtu. Akili ya binadamu inafanya hivyo yenyewe, inatafuta dalili iliyo rahisi kuliko zote, na sisi tulikuwa tumemwekea dalili ambayo haipo kwenye kifua cha mtu yeyote duniani.

Tuliitibu kwa njia mbili. Tulifungua spika za chumba zitoe milio ya risasi na helikopta kwa sauti ya juu, vali isisikike. Na mimi nikaweka sharti kwamba kabla ya sindano, mwanafunzi aweke kiganja chake pale alipoona tofauti na aniambie ni tofauti gani. Muda wao ukarudi nyuma, alama zikashuka. Mkuu wa kituo alinihoji kuhusu alama hizo nikamweleza, akaelewa.

Tangu siku hizo nimekuwa na tabia ya kujiuliza kuhusu kila kifaa: hiki kinamfundisha nini huyu kijana wakati mimi nadhani namfundisha kingine? Ukianza kuuliza hivyo, mambo yanajitokeza mengi.

Chukua nguo. Midoli yetu ilikuwa inavalishwa sare zilizokwisha kukatwa na kushonewa mikanda ya kubandika, ili kundi linalofuata lisipoteze muda. Maana yake wanafunzi walikuwa wanamvua majeruhi kwa kuvuta mara moja tu. Majeruhi wa kweli ana fulana ya kuzuia risasi yenye vyuma, ana mkanda wa kiunoni, ana suruali iliyolowa damu ikashikana na ngozi, ana buti. Kukata suruali iliyolowa kwa mkasi huku mtu anajipinda ni kazi, na sekunde zinazoliwa hapo ni sekunde za damu. Nikaenda stoo kuomba sare zilizochakaa ambazo zingetupwa. Sasa kila kundi linakata sare nzima. Bei yake ni sifuri, na faida yake imezidi ya kifaa chochote tulichoagiza mwaka ule.

Au chukua kifungashio. Gozi, kile kitambaa cha kujazia jeraha, yenye dawa ya kugandisha damu inakuja ndani ya pakiti ngumu ya plastiki, na gozi hiyo ina gharama, kwa hiyo vituo vingi hutumia gozi ya kawaida inayokunjwa tena na tena na kuwekwa mezani tayari imefunguliwa. Kwenye zoezi mwanafunzi ananyoosha mkono, anaichukua, anaanza kazi. Porini atakutana na pakiti, vidole vimejaa damu, na damu inateleza kama mafuta. Atavuta mara tatu, atatumia meno. Tukanunua mashine ndogo ya kuchomea nailoni, ile ya wauza ubuyu na karanga, tukawa tunaifunga upya kila gozi baada ya somo. Kabla ya kuanza, mwanafunzi anachovya mikono yote miwili kwenye damu bandia. Wenyewe wakagundua kwamba ni bora kuchana pembeni ya pakiti kidogo tu tangu kambini, ili ikija saa yake ifunguke kwa mvuto mmoja.

Na kuna ile ya kusema badala ya kutenda. Mwanafunzi anapiga magoti kando ya mdoli, ananitazama mimi badala ya kumtazama majeruhi, anasema, "Hapa nafunga mkanda wa kuzuia damu, hapa naita helikopta, hapa namfunika." Mkufunzi aliyechoka anaitikia kwa kichwa na kuweka alama ya vyema. Hilo nimelikataa kabisa. Kwangu mkanda ambao haujafungwa haupo, na redio isiyobonyezwa haijaita mtu. Mkanda wenyewe ufungwe hadi damu isimame na mapigo ya chini yake yapotee, kisha saa iandikwe juu yake kwa kalamu, ionekane.

Lakini baridi ndiyo iliyonisumbua zaidi ya yote. Mtu aliyepoteza damu nyingi hupoa hata akiwa jangwani, na damu iliyopoa haigandi vizuri. Isipoganda inaendelea kutoka, na ikitoka anazidi kupoa. Kila tabibu anaweza kukuandikia hayo kwenye mtihani. Hata hivyo chumba chetu kiko kusini mwa Marekani, kiangazi ni joto la kuunguza, na ngozi ya mdoli haina joto wala baridi. Blanketi la kumfunika majeruhi lilikuwa linabaki mkobani somo baada ya somo. Kulikumbusha kwa maneno hakukusaidia hata kidogo. Kilichosaidia ni kuandika sharti kwenye programu ya mdoli: mwanafunzi akimaliza kuzuia damu na asipomfunika majeruhi na kumwinua kutoka ardhini, presha inaanza kushuka polepole bila sababu nyingine yoyote. Ndani ya wiki moja mablanketi yakaanza kutoka mikobani.

Nimeona pia upande wa pili wa kazi hii. Afghanistan niliwahi kumpokea askari wa jeshi la nchi hiyo aliyepigwa risasi kwenye kinena. Kwenye kinena mkanda hauna pa kushika. Inabidi uingize kidole kwenye jeraha, ufuate joto la damu mpaka uuhisi mshipa unapiga, uubane kwenye mfupa, halafu ulishe gozi taratibu juu ya kidole chako, kidole gumba kwa kidole gumba, bila kuuachia ule mshipa hata mara moja, mpaka jeraha lijae. Kisha unalala juu yake kwa uzito wako wote kwa dakika tatu kamili. Nilikuwa nimelifanya hilo kwenye paja la silikoni lenye pampu ndani mara nyingi sana, na vidole vyangu viliijua njia bila kuuliza. Namshukuru Mungu kwa lile paja la silikoni. Jambo ambalo halikuwahi kunifanyia ni kunishika mkono. Yule kijana alinikamata kifundo cha mkono kwa mikono yake yote miwili na kukivuta kwa nguvu zake zote, kwa sababu nilikuwa namuumiza kuliko risasi yenyewe. Nililazimika kumwekea goti juu ya mkono mmoja na kumwita mwenzangu aushike wa pili. Alipandishwa kwenye helikopta akiwa hai. Baada ya hapo hatukuletewa habari zake.

Kwa sababu hiyo siamini mafunzo ambayo majeruhi wake wote ni wa plastiki. Waingereza waliliona hili mapema. Huko Strensall, karibu na York, waliijenga upya ndani ya banda kubwa hospitali yao ya Camp Bastion, na kila kikosi cha tiba kilipitia humo kabla ya kwenda Afghanistan. Kwenye mazoezi yao hutumia waigizaji waliopoteza viungo kweli, wanaopakwa majeraha bandia kwenye kile kilichobaki cha mguu au mkono. Nimefanya kazi na waigizaji wa namna hiyo huku kwetu. Mtu asiye na mguu anapolala kwenye vumbi akipiga kelele, huku damu bandia inaruka, mwanafunzi anayekaza mkanda kwa ukatili juu ya mdoli anajikuta mkono unalegea. Anaogopa kuumiza. Ulegevu huo ni bora uonekane hapa, wakati mwigizaji anaweza kumwambia kwa sauti ya kawaida, "Kaza, kijana, bado."

Wengine wataniuliza kuhusu wanyama. Jeshi la Marekani limewafundisha matabibu kwa miaka mingi kwa kutumia mbuzi na nguruwe waliopewa dawa ya usingizi, na mimi nimepitia somo hilo. Bunge la Marekani, kwenye sheria ya ulinzi ya mwaka wa fedha 2013, lilitaka wizara ilete mpango wa kuhamia kwenye njia zinazofuata mwili wa binadamu. Nimekulia nyumba inayochinja mbuzi kila Idi ya kuchinja, kwa hiyo damu ya mbuzi hainishtui. Nakiri kwamba mnyama aliye hai anakupa joto, mapigo na hofu ambavyo silikoni haitoi. Lakini kifua cha mbuzi ni chembamba, mbavu zake zimekaa vingine, ngozi na paja lake si vya mtu, na huwezi kumrudisha mwanzo ili kijana arudie mara ya nane. Ustadi wa mikono unakaa kwa kurudia. Nikipewa kuchagua, nachukua paja la silikoni kwa mikono na mwigizaji kwa moyo, na mbuzi namwacha malishoni.

Miwani ya uhalisia pepe tunayo pia. Inafaa kwa kuamua: majeruhi kumi wamelala barabarani, nani wa kwanza, nani asubiri, gari lipite wapi. Kwa mikono haifai bado.

Watu wakitembelea kituo huonyeshwa midoli. Wangekaa mpaka mwisho wangeona kwamba somo lenyewe linafanyika kwenye viti, baada ya zoezi. Zoezi linaweza kuchukua dakika kumi na tano. Mazungumzo baada yake yanachukua mara mbili ya hapo, na ukiyakata kwa sababu ya muda umepoteza pesa zote za mdoli. Tuna video za kamera nne, lakini huwa naonyesha kipande kimoja tu, kile ambacho watu wamekibishania. Swali lenyewe lina namna yake. Ukimwuliza kijana kwa nini hakufunga mguu, atajitetea au atanyamaza. Ukimwambia, "Hapa ulikuwa mguuni, kisha nikaona umehamia kifuani. Ulikuwa unawaza nini wakati ule?" atakwambia jambo ambalo wewe mwenyewe hukulijua: kwamba alidhani mwenzake ameushika ule mguu, au aliona damu imepungua akafikiri imesimama, kumbe suruali ilikuwa inainyonya. Hapo ndipo unajua la kufundisha kesho.

Cheo ndicho kizuizi kikubwa cha mazungumzo hayo, na hili niliona limekolea zaidi nilipokwenda Kenya kwenye Justified Accord, zoezi la pamoja linalokutanisha majeshi ya nchi kadhaa na lile la Marekani. Nilipangwa kwenye mafunzo ya tiba, na kwa kuwa nilisema Kiswahili nikawa daraja la kila mtu. Baada ya zoezi la kwanza tukakaa chini ya turubai, nikauliza nini kimetokea. Kimya. Kila mtu akamtazama sajenti wake. Wakati wa chai koplo mmoja akanivuta pembeni.

"Afande, hapa hakuna atakayesema mkubwa amesahau kitu. Akisema leo, wiki nzima yuko zamu ya usiku."

Nikaenda kwa sajenti mwenyewe, mtu mzima, aliyewahi kutumwa kulinda amani. Sikumwambia nani kasema. Nilimwuliza tu, "Afande, nisaidie. Vijana hawa watafunguka vipi?"

Akafikiri, akasema, "Wacha mimi nianze."

Zoezi la pili lilipokwisha akasimama mbele yao. "Mimi sikuuona mkono wake wa kushoto. Nani aliuona?" Askari mdogo kabisa wa kundi akanyoosha kidole. Alikuwa ameuona, ulikuwa unachuruzika chini ya mwili, na hakuthubutu kusema. Sajenti akamwuliza angependa kulisema vipi siku ya kazi yenyewe, na wakapatana palepale neno moja ambalo yeyote, wa cheo chochote, akilitamka kila mtu anasimama na kusikiliza. Mimi sikuongea kitu kwa nusu saa nzima. Katika nchi zetu, ambako adabu kwa mkubwa ni jambo la thamani na sitaki tuipoteze, njia hiyo ya mkubwa kufungua mlango mwenyewe naiona ndiyo yenye kufanya kazi. Nimeirudisha Marekani, nako inafanya kazi vilevile.

Huko Kenya midoli iliyokuwepo ilikuwa michache na watu wengi. Tukaenda kwenye duka la agrovet tukanunua bomba la kupulizia dawa shambani, lile la kubeba mgongoni. Kwa mchinjaji tukachukua paja la mbuzi lenye mfupa. Tukalitoboa kwa kisu, tukapitisha mpira wa dripu kando ya mfupa, tukaunga na bomba. Damu ilikuwa maji, sukari na rangi nyekundu ya chakula. Mmoja anapampu kwa mkono wa kushoto na kwa mkono wa kulia anafungua na kufunga kifyatulio kwa mwendo wa moyo, damu inaruka kwa vishindo. Mwenzake anajaza jeraha kwa gozi. Akibana juu juu, damu inapita pembeni. Akiubana mpira kwenye mfupa sawasawa, yule anayepampu anahisi wenzo unakuwa mgumu mkononi mwake, naye anapaza sauti, "Umeshika!" Wote wawili wanajifunza kwa pamoja. Kwa ustadi huo mmoja, wa kuzuia damu ya kwenye kinena na kwapa, siwezi kusema kwamba mdoli wa makumi ya maelfu ya dola ungewafundisha vizuri zaidi. Paja lile halipumui, halipepesi macho, halina uso. Linajibu jambo moja tu, na linalijibu kwa ukweli. Wasioruhusiwa na bajeti kununua midoli wasingoje. Kambi yoyote yenye mchinjaji na duka la pembejeo karibu inaweza kuanza wiki hii.

Mdoli kufa ni suala tunalobishana hadi leo. Mwenzangu mmoja anashikilia kwamba mdoli usife kamwe mbele ya mwanafunzi mpya, kwa sababu atabeba hatia na kujifunza machache. Mimi naona kifo kisitumike kama adhabu, na kisije kwa kushtukiza bila sababu inayoonekana. Lakini kuna majeraha ambayo hata ukifanya yote sawasawa mtu anaondoka, na kijana ambaye hajawahi kuambiwa hivyo chumbani ataambiwa na uwanja wa vita. Kwa hiyo mwishoni mwa kozi nampa kila kundi majeruhi mmoja wa namna hiyo. Nawaambia mapema kwamba wiki hiyo atakuwepo, bila kusema ni yupi. Akifa, wanaandika kadi yake, wanamfunika uso, wanamjulisha kamanda, halafu wanamwendea majeruhi wa pili ambaye bado ana nafasi. Kuhama huko, kutoka kwa mmoja hadi kwa mwingine, kunawashinda wengi mara ya kwanza. Nawapa nafasi hapo, nakaa nao muda mrefu, na mchungaji au imamu wa kambi huwa nimemwomba awepo karibu.

Kinachonikosesha usingizi siku hizi ni saa. Mwaka 2009 waziri wa ulinzi wa Marekani, Robert Gates, aliamuru majeruhi wa Afghanistan wafikishwe kwa daktari ndani ya dakika 60, na muda wa kati wa kuwasafirisha ukashuka kutoka dakika 90 hadi 43. Mafunzo yetu yote yakajengwa juu ya helikopta hiyo. Mazoezi yanakwisha pale inapotua. Ukraine imetuonyesha vita ambayo helikopta haiwezi kusogea mbele, majeruhi anakaa handakini saa nyingi au siku, na mkanda uliofungwa vizuri asubuhi unageuka kuwa sababu ya kupoteza mguu jioni. Na sisi wa Afrika Mashariki hatukuhitaji kungoja Ukraine. Tarehe 7 Desemba 2017 kambi ya walinda amani ya Semuliki, kule Beni, mashariki mwa Kongo, ilishambuliwa jioni na mapigano yakaendelea kwa saa kadhaa gizani. Watanzania 15 waliuawa na zaidi ya 40 wakajeruhiwa. Kila nikipanga zoezi nawakumbuka wale waliokuwa wanawahudumia wenzao usiku ule, katika msitu ambao msaada haufiki kwa haraka.

Kwa hiyo nimeanza kuendesha mazoezi marefu, ya usiku kucha. Mdoli unalazwa ardhini saa kumi na mbili jioni, damu imeshazuiwa, na gari halitakuja kabla ya alfajiri. Kabla ya saa mbili kupita, tabibu aamue kama mkanda unaweza kuondolewa na nafasi yake kuchukuliwa na gozi na bandeji ya kubana. Ukipita saa sita, hauguswi mpaka hospitali. Baada ya hapo ni kazi ya uuguzi: kumgeuza, kupima mkojo, kumpa dawa ya maumivu kwa kipimo, kuandika kila saa presha na mapigo, kusafisha kinywa, kupanga nani alale na nani akeshe. Kazi ile ya nyumba ya wazee imenirudia yote, na naifundisha kwa vijana walioijia jeshini wakidhani tiba ya vita ni kukimbia na mkoba. Tatizo ni kwamba programu za midoli zimetengenezwa kujibu vitendo. Hazijui kufanya saa mbili za hali ileile, ambazo ndani yake hatari yenyewe ni usingizi wa mhudumu na dalili inayobadilika kidogo kidogo. Nimelazimika kuandika mabadiliko hayo kwa mkono, dakika kwa dakika, na kukaa nyuma ya kioo usiku mzima nikiyabonyeza mwenyewe.

Kituo kimenikubalia usiku mmoja katika kila kozi. Nimeomba uwe wa saa 24 kamili, na matabibu wawili tu kwa majeruhi watatu. Ombi bado liko mezani, na wakati huo nimeshaanza kuandika mabadiliko ya saa 12 zinazobaki.